Piano Bustanini, Zeze Sokoni

Mwaka 2014, nilipokuwa New York kwa shughuli za kikazi, Jumapili moja nilifika katika bustani ya Washington Square, karibu na lile tao la marumaru lililokamilishwa mwaka 1892. Hapo nilikuta piano. Sisemi kinanda cha mkononi. Nasema piano kubwa ya majumba ya muziki, yenye vibonye 88 na nyuzi zaidi ya 200, chombo chenye uzito wa mamia ya kilo.

Mpigaji alikuwa Colin Huggins, ambaye hapo awali aliwapigia wacheza baleti mazoezini, kisha akaifanya bustani ile ukumbi wake. Watu hudhani kazi ya msanii wa namna hii ni kupiga tu. La, hasha! Piano hutolewa ghalani, ikasukumwa barabarani juu ya magurudumu. Jua likiichoma au unyevu ukiingia katika mbao zake, nyuzi hupotoka sauti na hapana budi zikazwe upya. Mvua ikinyesha, siku hiyo hakuna riziki. Mshahara wake ni ndoo iliyowekwa mbele ya watu.

Watoto walijilaza chini ya piano ili wausikie mngurumo wake tumboni. Nami nikatumbukiza dola kumi, tena kwa fahari. Usiku ule sikupata usingizi.

Mjomba wangu alikuwa mpiga zeze. Kijijini kwetu Ugogo, wakati wa mavuno, aliitwa nyumba hata nyumba, akatuzwa mtama na pombe, na mara moja mbuzi mzima; wala hakuna aliyethubutu kumwita ombaomba, maana kumtuza mpigaji ni sehemu ya ngoma yenyewe. Ukame ulipomsukuma mjini Dodoma, aliketi sokoni na zeze lile lile la nyuzi mbili, kibuyu kilichowambwa ngozi, na kopo miguuni. Mgambo wakawa wanamfukuza.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Siku moja nilipita pale na wenzangu, mashati yetu meupe yamepigwa pasi. Aliponiona aliacha kupiga, akaita, “Mjomba!” kwa maana kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina moja. Mwenzangu akaniuliza kama namfahamu mzee yule. Nikajibu kwamba simfahamu.

Mjomba alisikia. Aliinamisha kichwa, akaendelea kupiga.

Ningeweza kuisingizia kasumba ya kikoloni, na kweli kasumba ilikuwapo: tulifundishwa kwamba muziki wa heshima una viti na tiketi. Lakini ulimi uliomkana ulikuwa wangu. Baadaye, Hukwe Zawose alipozifikisha zeze na ilimba zetu katika majukwaa ya Ulaya, nilijigamba mbele za watu kwamba mimi ni Mgogo. Ajabu ya binadamu hiyo!

Mjomba alifariki mwaka 1991, nami sikuwa nimemwomba radhi. Zeze lake limetundikwa sebuleni kwangu, uzi mmoja umekatika. Niliporudi kutoka safari ile, mjukuu wangu aliniuliza ni la nani. Nikamwambia ni la mjomba wangu, aliyekuwa akipiga sokoni Dodoma, mbele ya kopo.