Maji ya Kumpeleka Mtoto

Mkaazi wa Kariakoo hana upungufu wa samaki; upungufu wake ni wa maji. Samaki humjia mpaka mlangoni kutoka kila pembe ya nchi: dagaa wa Mwanza na wa Kigoma katika viroba, sato walioganda kwa barafu, papa wa chumvi, na ng'onda na pweza mkavu wa kwetu visiwani, ambao harufu yao hunisimamisha njiani hata nikiwa na haraka. Mtoto aliyezaliwa katika mitaa hii, iwe Mkunguni, Sikukuu au Narung'ombe, hujua bei ya samaki kabla hajapata kumwona akipumua. Binti yangu, ambaye sasa ana miaka minane, alikuwa mmoja wao. Alijua kwamba sato hupimwa kwa kilo. Hakujua kwamba samaki huvuta.

Ama maji, aliyajua ya namna mbili: ya ndoo na ya Msimbazi. Mto huo hupita ukingoni mwa Kariakoo, katika bonde la Jangwani, na siku za kiangazi ni mfereji mweusi ambao mtu huuvuka huku ameziba pua. Masika ndipo huonyesha kwamba ni mto. Waliokuwapo Dar es Salaam mwezi wa Desemba 2011 hawajasahau mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 40. Tangu hapo maji yamerudi mara nyingi, na mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023 zilimkuta mwanangu akiwa na akili ya kutosha kuogopa. Aliona Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani na maji ya rangi ya chai yakichukua milango na magodoro ya watu. Baada ya siku ile, kila mvua ilipopiga usiku nilimkuta amekaa sebuleni gizani, amekwisha kuvaa viatu. Nasi tunakaa ghorofa ya tatu.

Shangazi yake aliye Mkokotoni, nilipomweleza kwa simu, alisema mtoto wa watu wa pwani hawezi kuachwa akaogopa maji, na kwamba apelekwe kuvua. Wala hakuongeza neno. Kwetu uvuvi ni namna ya kumtambulisha mtoto kwa maji, kama vile anavyotambulishwa kwa jamaa: mtoto wa kiume hupewa mshipi, ndoana na chubwi, wa kike hufuata mama zake mwambani wakati wa bamvua kuchokoa pweza. Mshipi una adabu yake. Humfundisha mtu kushika kitu asichokiona na kungoja kijibu. Nikaona shangazi amesema kweli; lililobaki ni kuchagua maji, na hapo ndipo tabu ilipoanza, kwani jiji hili limezungukwa na maji na karibu yote hayakufaa.

Jibu la kwanza la kila mtu niliyemuuliza lilikuwa Feri. Ni karibu, na pana kila kitu. Lakini soko la Magogoni ni mahali pa mnada: samaki hufika wamekwisha kufa, watu hupigania bei, na mtoto husukumwa huku na huku kati ya ndoo. Jibu la pili lilikuwa Bongoyo au Mbudya, visiwa ambavyo kila mwenye mgeni humpeleka. Hapo sheria ndiyo iliyonikatalia. Visiwa hivyo, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, viliwekwa kuwa hifadhi tengefu za bahari mwaka 1975, na maji yake si ya kuvua. Nimewahi kumsikia mtu akicheka kwamba mshipi mmoja wa mtoto hauwezi kuharibu hifadhi. Labda, lakini sikutaka siku ya kwanza ya mwanangu majini iwe siku ya kuangaza macho kama mwizi. Isitoshe, kufika huko ni kwa mashua, na yeye hakutaka kusikia habari ya chombo chochote kinachoelea. Mawe ya Ocean Road, ambako vijana huvua jioni, nayo yana mawimbi na utelezi.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyefanya kazi Nyeri katika ujana wake, alinishauri kitu kingine kabisa. Tukiwa kibarazani kwake na vikombe vya kahawa, alinieleza habari za trauti, samaki wa maji baridi wa Ulaya. Waingereza walimleta Kenya mwaka 1905, pale Grogan alipoagiza mayai yake kutoka Loch Leven kule Scotland yakatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Baadaye akapandwa katika vijito vya Mlima Kenya na katika maziwa ya juu kama Ellis na Alice, na kwetu pia katika mito ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu kusini. Mzee alilisifu ziwa lake kama mshairi anavyosifu: hakuna nyumba, hakuna sauti, ukungu umelala juu ya maji, na mtu na mwanawe peke yao duniani. "Huko, shekhe," aliniambia, "mtoto hujua maji ni nini."

Nakiri maneno yake yalinikaa usiku mzima. Lakini trauti ni samaki wa baridi. Maji yakipita nyuzi joto 20 huanza kutaabika. Kumfuata ni kupanda mlima, ni safari ya siku kadhaa, na ni gharama ambayo mtu wa mapato yangu huiweka kwa ajili ya harusi au msiba. Na lilikuwapo jambo jingine lililonizuia zaidi ya fedha. Ziwa la mzee lilikuwa zuri kwa sababu halikuhusiana na chochote. Mwanangu angeliona, angelipenda, kisha angerudi Kariakoo akakuta Msimbazi ni ule ule, na mvua ni ile ile. Nilitaka maji yaliyotulia, yenye ukingo ambao asiyejua kuogelea ataukalia bila hofu, yenye samaki wadogo wenye njaa, na ambayo tutakwenda na kurudi siku moja. Zaidi ya hayo, nilitaka yawe na udugu na yale anayoyaogopa.

Nikakumbuka Minaki. Wasomaji wa visiwani jina hilo si geni kwao, kwani chuo cha Mtakatifu Andrea kilichokuwa Kiungani, Unguja, ndicho kilichohamishiwa huko mwaka 1925, na shule ingalipo. Karibu nayo, katika vilima vya Pugu, kuna msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, masalio ya ile misitu ya pwani iliyokuwa imetanda kabla jiji halijahitaji mkaa, na ndani ya msitu huo kuna bwawa. Ni maji madogo. Anayelifahamu Ziwa Nyanza atalicheka. Lakini limezungukwa na miti, na, jambo ambalo nililijua tangu zamani bila kulipa uzito, Msimbazi huanzia katika vilima hivyo hivyo vya Kisarawe na Pugu, ukateremka takriban kilomita 35 mpaka baharini penye daraja la Selander.

Ndoana na mshipi tulinunua Kariakoo, katika duka la nyavu ambalo mwenyewe hakuamini kwamba nataka ndoana tano tu tena za namba ndogo kabisa. Alimtazama binti yangu, akaongeza ya sita bila malipo. Jumamosi alfajiri tukapanda daladala mpaka Gongo la Mboto, kisha nyingine ya Kisarawe, halafu bodaboda. Wasimamizi wa msitu tuliwaomba ruhusa, tukalipa kiingilio, na mmoja wao akatuonyesha mahali ambapo ukingo hauporomoki. Nyungunyungu tuliwachimba wenyewe kwa kijiti. Sehemu hiyo ilimfurahisha kuliko nilivyotarajia; mtoto wa ghorofani hana udongo.

Alikaa hatua nne kutoka majini, viatu miguuni. Sikumwambia asogee. Nilitupa mshipi, nikampa ashike, nikamwambia tu: "Sikiliza kwa kidole." Muda ulipita. Ndege wa buluu, mdiria, alikuwa juu ya tawi akivua kwa namna yake, naye alifanikiwa mara mbili kabla yetu. Binti aliniuliza kama maji haya yana hasira. Nikamjibu kwamba maji hayana hasira, yana uzito, na pakikosekana njia uzito huo hubomoa. Alinyamaza kama mtu anayehesabu chenji.

Kisha mshipi ukagutuka. Uso aliounyanyua wakati ule sitaujaribu kuuandika. Alisimama, akavuta kwa mikono miwili, na alipokuwa akivuta alitembea mbele badala ya kurudi nyuma, mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu, viatu na vyote. Alikuwa perege wa ukubwa wa kiganja changu. Tulimtia katika kopo lenye maji, akamtazama mashavu yakifunguka na kufunga, akasema, "Baba, anakunywa." Wa pili alimvua kabla ya adhuhuri. Kambale aliyekata ndoana mbili hatukumwona hata mara moja, na hilo pia ni katika uvuvi. Perege wote wawili aliwarudisha bwawani kwa hiari yake. Mama yake, aliyekuwa ametayarisha nazi, hakufurahi.

Tulipokuwa tukitoka, njia ilikatwa na kijito chembamba kilichofichwa na majani, maji yake maangavu, upana wake hatua moja ya mtu mzima. Mlinzi wa msitu aliyetusindikiza alisema vijito kama hicho ndivyo vinavyokutana huko chini vikawa Msimbazi. Binti alimtazama yeye, akanitazama mimi, apate kujua kama tunamchezea. Nikatikisa kichwa kuthibitisha. Akainama, akatia mkono, akaunusa. Kisha akaruka ng'ambo. Akageuka, akaruka kurudi. Niliwahi kuhesabu mara saba kabla kijana wa bodaboda hajapiga honi kutoka barabarani, na hata hapo aliomba ya mwisho.