Anayezimua Kila Asubuhi

Nilipojiandikisha kwenye kituo cha afya cha mtaa ninaoishi hapa Reading, Uingereza, muuguzi alinipa karatasi ya maswali 10 kuhusu pombe, yaliyoandaliwa kupitia Shirika la Afya Duniani. Swali la 6 lilinisimamisha: katika mwaka uliopita, ni mara ngapi ulihitaji kunywa asubuhi ili upate nafuu baada ya kulewa sana?

Kwetu jambo hilo lina jina: kuzimua. Tena tunalitamka tukicheka.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa akizimua kila alfajiri kule kwetu Mgeta, mkoani Morogoro, kabla ya kwenda kumwagilia kabichi. Mikono ilimtetemeka hata jembe halishiki. Akipata toti moja ya gongo, inatulia. "Ameshawasha mashine," tulikuwa tukisema. Kisha pampu ya maji ikauzwa. Kisha akakosa kuonekana hata kwenye msiba wa jirani, na milimani kwetu asiyeonekana msibani ana jambo.

Wajomba wakakaa. Kwa Waluguru ukoo ni wa mama, na neno la mjomba ni zito. Wakaamua afungiwe ndani mpaka kiu imwishe. Siku ya pili alianza kuzungumza na watu wasiokuwepo. Usiku akaanguka kifafa. Wakasema amerogwa. Jirani mmoja ndiye aliyelazimisha ateremshwe hospitali mjini Morogoro. Huko tukaelezwa kwamba mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kufa; huachishwa kwa dawa, chini ya uangalizi. Nia ya wajomba ilikuwa njema, na ingemuua.

Swali la mwisho la ile karatasi linauliza kama ndugu, rafiki au daktari amewahi kuingiwa na wasiwasi kuhusu unywaji wako. Hapa Reading naishi peke yangu. Jirani hajui hata jina langu, kwa hiyo karatasi inafanya kazi ya ndugu. Mgeta, swali hilo lingejibiwa na kijiji kizima. Tuliona kila kitu, tukakiita utani, halafu tukakiita uchawi.

Wajomba zangu, shikamooni. Mkimwona kijana anazimua kila siku, msimfungie. Mteremsheni hospitali akiwa bado anatembea kwa miguu yake, na mwambieni daktari ukweli wote kuhusu gongo.