Kamba ya mutanga na orodha ya mwalimu

Sisi Walega tulikuwa na masomo mbele ya shule kufika. Katika lusu, nyumba ya wanaume kijijini, wazee walitundika kamba inayoitwa mutanga. Juu yake walifunga vitu vidogo vidogo: ganda la konokono, unyoya, kipande cha kibuyu, gamba la kakakuona, ile nyama tunaita ikaga. Kila kitu ni methali. Unagusa kitu, unasema neno lake. Ukishindwa, mzee anakueleza.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kalasi ya tano upande wa Mwenga. Asubuhi moja ya mwaka wa 2008 direkta alinipa orodha ya watoto wasiolipa prime. Katiba ya 2006 ilikuwa imesema masomo ya msingi ni ya bure, lakini mshahara haukunifikia, na ile prime ndiyo ilikuwa chakula cha watoto wangu. Nikasoma majina. Watoto 12 wakatoka bila kelele.

Jioni, babu ya mmoja wao akaniita. Nilizani ataomba huruma. Kumbe alishusha mutanga. Yule mtoto, ambaye mimi nilimwandika wa mwisho katika kalasi, akapitisha kidole kwenye kamba na kusema methali zaidi ya 20 bila kukosa. Sitaziandika hapa, zina wenyewe.

Alipofika kwenye gamba la ikaga, mzee akamsimamisha. Wazee wetu wanasema ni ikaga aliyefundisha watu kuezeka nyumba kwa majani, sababu magamba yake yamelaliana vile vile. Mzee akaniuliza: «Mwalimu, ikaga alitufundisha, leo tunalala pakavu. Weye unafundisha, lakini huyu unamuacha ku mvua. Juu ya nini?»

Nikajibu: «Mzee, hata katika Bwami watu walilipa.»

Hakukasirika. «Ni kweli, tulilipa, tena mingi. Lakini hakuna mtu alilipa peke yake. Ndugu zake walisimama nyuma. Nyuma ya huyu mtoto iko nani? Na nyuma yako weye, Mwalimu, iko nani?»

Ile swali ya mwisho ndiyo ilinishinda. Tangu nianze kazi, hakuna mtu aliyeniuliza.

Juma lile wazazi walikaa pamoja. Asiye na franga alileta mafuta ya ngazi, ao alilima siku moja katika shamba la walimu. Watoto 9 walirudi. Watatu hawakurudi tena. Majina yao ningali nayakumbuka, na sauti iliyoyasoma ilikuwa yangu.

Tangu mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019, serikali iliondoa malipo katika shule za msingi za umma. Hiyo ni hatua nzuri. Lakini hata pale pesa imeondoka, swali ya mzee inabaki. Mtoto anaweza kukaa ndani ya kalasi bila mtu nyuma yake. Mwalimu vile vile.

Wenzangu walimu, mutanga haikuwa mapambo ya ukuta. Ilikuwa watu wawili wakikaa pamoja, mmoja akingoja mwenzake apate neno. Kama kijijini kwenu iko mzee anayejua kuisoma, mwiteni shuleni angali mzima. Na siku watawapa orodha, muulize kwanza: nyuma ya huyu, iko nani?