Suti ya Baba

Ndugu mtahiniwa, hebu tazama suruali au sketi yako ya shule pale unapokalia. Kama umeivaa tangu kidato cha tatu, bila shaka pameanza kung'aa. Ukidhani ni uchafu utafua mpaka uchoke, na pataendelea kung'aa.

Mimi nililijua jambo hili kwa hasara ya baba. Tulikuwa tukiishi Chunya, naye alikuwa na suti moja tu, nyeusi, ya mtumba, aliyoinunua Mbeya mjini. Ndiyo ya kanisani, ya harusi na ya misiba. Kesho yake ikiwa mahafali yangu ya kidato cha nne, nikaona nimnyooshee. Niliwasha pasi ya mkaa, nikaipepea hadi ikawa moto kwelikweli, nikaisugua juu ya suruali, upande wa nje, bila kutanguliza kitambaa. Nilipoinua, paja la kulia lilikuwa linang'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi. Nikazidisha pasi ili nikufute kule kung'aa. Kukaongezeka!

Nilikimbilia kwa fundi cherehani. Aliigeuzageuza juani, akasema, "Kijana, umezilaza nyuzi."

Kitambaa kizuri kina nyuzinyuzi ndogo zilizosimama ovyo ovyo. Mwanga ukiziangukia hutawanyika kila upande, na jicho huona weusi uliotulia. Msuguano wa benchi au joto la pasi likizilaza, uso huwa laini, mwanga ukarudi kwa pamoja upande mmoja. Ni uakisi uleule unaoukariri kwenye fizikia, wa kioo na ukuta. Nyuzi za sufu huweza kuinuka tena kwa mvuke. Poliesta ni plastiki: huyeyuka kwenye nyuzijoto 250 hivi za sentigredi, na hulainika mapema zaidi. Ikishabonyea kwa moto, hairudi. Ya baba ilikuwa poliesta.

"Ungeipindua ndani nje," fundi akasema, "ukaweka kitambaa chenye unyevu, ukagandamiza na kuinua. Usiburute."

Nilipomweleza baba, aliitazama kwa muda mrefu.

"Inaonekana kwa mbali?"

"Hapana, baba." Nilidanganya.

Siku ya mahafali alikaa mstari wa pili, mkono wa kulia juu ya paja, tangu risala hadi hotuba ya mgeni rasmi. Jina langu liliposomwa alisimama, akapiga makofi kwa mikono yote miwili, na jua likalimulika paja lile.