Waliobadilishana Heligoland na Witu

Wajerumani wengi ninaoishi nao hapa Hamburg wanalijua jambo moja kuhusu pwani yetu: kwamba zamani nchi yao iliwapa Waingereza Zanzibar, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland. Nimelisikia kazini, nimelisikia kwenye treni, na mwalimu wa mwanangu aliwahi kuniambia hivyo hivyo kwa furaha, akidhani amepata la kuzungumza nami. Si kweli. Zanzibar ilikuwa na sultani wake na haikuwahi kuwa mali ya Ujerumani. Katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani ilikubali tu kwamba Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Waingereza. Nchi ambayo Ujerumani yenyewe ilikuwa imeishika, ikaiachia, ni Witu. Na Witu ni jirani ya Garsen, pwani ya Kenya, nilikozaliwa; unapita hapo ukienda Lamu.

Nimewapeleka wanangu Heligoland kwa meli. Ni mwamba mwekundu katikati ya Bahari ya Kaskazini, na eneo lake halitimii kilomita mbili za mraba. Lakini historia yake yote imehifadhiwa pale pale, na mgeni anasimuliwa: wakazi waliondolewa mwaka 1945 baada ya mabomu, tarehe 18 Aprili 1947 Waingereza wakalipua huko maelfu ya tani za baruti, mwaka 1952 kisiwa kikarudishwa Ujerumani, wenyewe wakarejea wakajenga upya. Nilisimama mbele ya maelezo ya mkataba wa 1890 nikahisi uchungu ambao sikuutarajia. Upande mmoja wa mapatano yale unajulikana na kila mtoto wa kisiwa. Upande wa pili ni kwetu, na mimi nilimaliza shule bila kusomeshwa hata sentensi moja juu yake.

Habari ya Witu yenyewe inaanzia kisiwani Pate. Sultani Ahmad wa ukoo wa Nabahani, aliyejulikana kwa jina la Simba, alikuwa mtu wa Pate. Nguvu za masultani wa Busaidi wa Zanzibar zilipomzidi akahamia bara, na katika miaka ya 1860 akaweka makao yake Witu, ndani ya msitu. Wakamfuata watu waliokuwa na sababu ya kuukimbia utawala wa Zanzibar, wakiwemo watumwa waliotoroka mashamba. Mwaka 1885 akaingia mkataba na Clemens Denhardt, Mjerumani, akitumaini kupata mlinzi. Miaka mitano baadaye mlinzi akaondoka. Wenyeji hawakuulizwa. Septemba 1890 Wajerumani kadhaa wakauawa Witu, na mwezi uliofuata kikosi cha Waingereza chini ya Admirali Fremantle kikaja kuuteketeza mji.

Visiwa vya Lamu vimeandikwa sana, na vinastahili. Shanga, katika kisiwa cha Pate, imefukuliwa misikiti iliyotangulia karne ya 9. Siyu ilisifika kwa mafundi na waandishi wa misahafu. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alimtungia bintiye utendi unaosomwa hadi leo. Lakini kisiwa chenye maji haba na mashamba machache hula nini? Kilikula mpunga wa mito ya Tana na Ozi. Watu wa visiwani walivuka kulima bara, na Wapokomo wa mtoni walitozwa nafaka na wakubwa wa Witu. Simba alichimbisha mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Ozi ili mavuno yafike baharini kwa urahisi. Baadaye mafuriko yaliupanua mfereji ule, na mto wenyewe ukaufuata. Ndiyo maana leo maji mengi ya Tana yanamwagikia Kipini. Waliouchimba kwa majembe hawana kaburi linalojulikana wala kibao, na kazi yao imeuhamisha mto mrefu kuliko yote nchini Kenya.

Hata wimbo wetu wa taifa, ambao nikiusikia ugenini huku hunitoa machozi, sauti yake inatokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Wakenya wangapi wanalijua hilo?

Mvua za mwisho wa 2023 zilipovunja barabara ya Garsen kwenda Lamu, shangazi yangu alinitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, huku tushakuwa kisiwa." Vijiji vya delta ya Tana vimejengwa juu ya miinuko, mto ukifurika vinazungukwa na maji pande zote, mtumbwi ndio barabara. Nilituma pesa usiku ule, kama tunavyofanya sote tulio nje. Kisha nikatazama dirishani, nikauona ukingo wa mto Elbe. Februari 1962 Hamburg nayo ilifurika, watu 315 wakafa, na tangu hapo kingo zimeinuliwa tena na tena. Hapa hasara iliandikwa, ikahesabiwa, ikazaa sheria na bajeti. Kwetu kila gharika huja kama ya kwanza, mahema yaleyale, ahadi zilezile.

Kumbukumbu hiyo ndiyo ninayoionea Ujerumani wivu, kuliko mshahara na hospitali. Garsen ninajulikana mimi ni mtoto wa nani, mwembe upi ni wa babu, nani nimsalimie kwanza. Sijapata mahali pengine duniani panaponipa hayo, na uzeeni nataka kurudi huko. Lakini nataka kurudi penye kumbukumbu iliyoandikwa.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa Garsen, Ngao, Kau na Kipini: simu mnazo mkononi. Kaeni na wazee, warekodini wakisema mafuriko yalifika wapi mwaka gani, nani walichimba Belezoni, walilipwa nini, Witu ilipochomwa walikimbilia wapi. Nawaomba walimu wayasomeshe. Kaunti za Tana River na Lamu zitafute jengo moja, hata dogo, Witu au Kipini, la kuyaweka. Na sisi tulio ughaibuni, tunaochanga kila mto unapofurika, tuchangie na hilo kabla wazee hawajaisha.