Mulago: Kilima Ambapo Sufuria Ni Dawa

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Kampala akielekea kaskazini, akiisha kupita Wandegeya penye pilikapilika za wachuuzi na wanafunzi wa Makerere, hukabiliwa na kilima cha Mulago. Hapo ndipo ilipo hospitali kuu ya rufaa ya taifa la Uganda, ambayo majengo yake makubwa yalifunguliwa mwaka 1962. Wengi huijua kwa upasuaji wake na kwa madaktari waliofunzwa humo. Lakini ndani ya hospitali hiyo imo idara moja ambayo sifa yake haikutokana na kisu wala sindano. Ilitokana na jiko. Idara hiyo huitwa Mwanamugimu.

Jina hilo limetolewa katika methali ya Waganda isemayo, "Mwana mugimu ava ku ngozi"; maana yake, mtoto mwenye afya hutokana na mbeleko. Wazee walitaka kusema kwamba mwili wa mtu mzima hujengwa tangu angali akibebwa mgongoni. Methali hiyo ni ndugu wa ile ya Waswahili isemayo kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Idara ilianzishwa mwaka 1965, na sababu yake ilikuwa nzito. Kwa miaka mingi madaktari wa Mulago walikuwa wakipokea watoto waliovimba miguu na uso, nywele zimepauka, ngozi inabambuka, nao hawataki kucheza wala kula. Waganda waliyajua maradhi hayo kwa jina la obwosi, wakiamini kuwa humpata mtoto ambaye mama yake ameshika mimba nyingine kabla hajamaliza kumnyonyesha. Mwaka 1935 Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, aliyaeleza katika maandishi ya kitabibu kwa jina la kwashiorkor, neno la lugha ya Waga litumiwalo kwa maradhi ya mtoto aliyeachishwa titi mdogo wake anapozaliwa. Watu hao wawili, waliotengana kwa maelfu ya maili, walikuwa wameona jambo lile lile: mtoto akinyimwa ziwa, kisha akapewa ndizi au muhogo mtupu, huwa anashiba bila kulishwa.

Hugh Trowell na wenzake wa Mulago walichapisha kitabu juu ya ugonjwa huo mwaka 1954, na ikajulikana kwamba maziwa huweza kumwokoa mgonjwa. Hata hivyo tatizo jingine likazuka. Mzazi aliyeona mtoto wake akipona wodini kwa maziwa aliyachukua kuwa dawa ya hospitali. Akirudi nyumbani, ambako maziwa hayo hayapo, aliendelea na chakula kile kile cha zamani, na baada ya miezi michache mtoto alirudishwa akiwa hoi, au hakurudishwa kabisa.

Ndiyo maana Mwanamugimu iliwaweka mama na mtoto pamoja, na kumfanya mama mwenyewe awe mpishi. Chakula walichofundishwa kina mama huitwa kitobero, yaani mchanganyiko. Huchukuliwa matoke au viazi vitamu, vikatiwa maharagwe yaliyomenywa maganda au karanga zilizopondwa, kisha yai, samaki, nyama iliyosagwa au maziwa, pamoja na mboga za majani. Vyote hufungwa ndani ya jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke ndani ya sufuria ile ile ya jamaa nzima. Hapahitajiki kuni za pili wala chombo kigeni. Mama alimwona mtoto wake akirudiwa na kicheko kwa chakula kilichotoka shambani, na jambo hilo lilimsadikisha kuliko hotuba kumi.

Kutoka Mulago mafundisho hayo yalipelekwa Luteete, kijiji kilicho kaskazini ya Kampala katika nchi ya Bulemezi. Miaka ya 1970 ilileta misukosuko, wataalamu wengi wakaondoka nchini, na vita vya Luwero vya mwaka 1981 hadi 1986 vikaangamiza maisha ya watu wengi wa sehemu hizo. Pamoja na hayo yote neno kitobero halikupotea. Mpaka leo linafahamika jikoni na katika zahanati, na idara ya Mwanamugimu ingali inawapokea watoto.

Vijana wanaosomea utaalamu wa lishe, wakitaka kujitolea katika shughuli za namna hii, hawana budi kujua kwamba moyo wa huruma peke yake hautoshi. Mtoto aliyedhoofika kupita kiasi akilishwa sahani kubwa siku ya kwanza anaweza kufa, kwa kuwa moyo na figo zake haziwezi kuubeba mzigo huo. Siku za mwanzo hupewa maziwa maalumu, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, tena hufunikwa vizuri asipatwe na baridi. Chakula kingi hufuata hamu ya kula inaporudi na uvimbe unapopungua. Basi mwenye kujitolea asiyetii maagizo ya muuguzi, hata akiwa na nia njema, ni hatari wodini.

Kazi anayokabidhiwa kwanza ni ndogo, lakini ina uzito. Hushika mizani na kuandika uzito bila kukisia. Hupima mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 kwa utepe wenye rangi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na mtoto hupelekwa kwa mganga mara moja, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni manjano, naye huangaliwa kwa karibu. Hubonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili. Shimo likibaki, huo ni uvimbe wa hatari, hata kama utepe umeonyesha kijani. Pia huosha sufuria, huchambua maharagwe, na huketi chini pamoja na kina mama.

Hapo chini ndipo masomo yake yanapopata maana. Mwanafunzi akimwita mama "nnyabo" kwa heshima na kumwuliza nyumbani hupikwa nini, nani hununua chakula, na mtoto hula na nani, atajua kwamba mama yule si mzembe. Huenda analima kutwa na kumwachia mtoto dada yake wa miaka 7. Huenda mayai ya kuku wake huuzwa ili ipatikane ada ya shule. Ushauri usiojua mambo hayo hubaki maneno matupu.

Familia za askari na polisi zina sababu ya kulitafakari jambo hili. Kambini posho na maharagwe hujaza tumbo la mtu mzima, lakini tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, naye huhitaji chakula kizito, laini, chenye mchanganyiko, mara tatu au nne kwa siku, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 na zaidi. Dagaa waliosagwa, kiganja cha karanga na mchicha uliopandwa katika gunia kando ya nyumba havihitaji mshahara mkubwa. Baba apatapo uhamisho na kuiacha jamaa yake nyuma, na akumbuke kuacha pia fedha ya chakula cha mtoto, wala asidhani kuwa mambo ya sufuria ni ya wanawake peke yao. Na kijana wa kambini mwenye nia ya kuwa mtaalamu wa lishe anaweza kuanza na majirani zake, ambao wametoka katika makabila mengi lakini husikilizana kwa Kiswahili, kwa kuwasindikiza watoto wao kupimwa kila mwezi zahanatini.