Majuma Sita Chini ya Nyiragongo

Wazazi wengi wamekwisha kumsikia mtoto wao wa chuoni akisema: «Baba, mwaka huu yanipasa kufanya staji.» Mzazi hutafuta nauli, huku akijiuliza moyoni ni kazi gani hiyo isiyo na mshahara, tena ya kumpeleka mtu mbali na kwao. Sisi ni watatu tuliosoma Bukavu elimu ya mawe na ardhi. Staji yetu tuliifanya mwaka 2019 katika Kituo cha Kuchungua Volkano cha Goma, kinachojulikana kwa herufi OVG. Twapenda kuwasimulia tuliyoyaona huko, pamoja na kosa tulilolitenda, kwa kuwa kosa lile lilitufundisha kuliko vitabu.

Tuliondoka Bukavu alfajiri moja ya mwisho wa Julai, kwa meli. Ziwa Kivu lilikuwa shwari, na wachuuzi walilala juu ya magunia yao tulipokuwa tukikipita kisiwa cha Idjwi. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba katika vilindi vya ziwa lile zimo kilometa za ujazo 300 hivi za gesi ya kaboni, na 60 hivi za metani, zimeyeyuka ndani ya maji. Tuliyatazama maji yale ya buluu, tukaona ajabu jinsi jambo kubwa namna ile liwezavyo kukaa kimya.

Siku zile ugonjwa wa Ebola ulikuwa umekwisha kuingia Goma. Mgonjwa wa kwanza mjini humo alijulikana katikati ya Julai. Bandarini kila abiria alinawa mikono kwa maji ya dawa, kisha muuguzi akamwelekezea kipimajoto kwenye paji la uso na kuandika. Mama mmoja mwenye kikapu cha samaki akamwambia: «Mwanangu, andika vizuri, usije ukanipa joto la mwingine.» Watu wakacheka. Nasi tukacheka, tusijue kwamba neno lile litatuangukia sisi.

Mgeni wa Goma huona kwanza weusi wa mji. Kuta za nyua ni mawe meusi, njia ni mawe meusi, na vijana wanaosukuma chukudu, yaani baiskeli zao za mbao, hupita juu ya mawe yale yale. Ni lava iliyopoa. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na lava ikashuka ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Watu kwa mamia ya maelfu walikimbia, wengi wao wakavuka kwenda Rwanda. Hazikupita siku nyingi wakaanza kurudi, wakajenga juu ya lava iliyokuwa haijapoa vizuri. Pia wazee wanakumbuka tarehe 10 Januari 1977, ziwa la moto lililokuwamo katika shimo la mlima lilipomwagika kwa muda usiotimia saa moja, likawakuta watu wa vijiji hawajapata nafasi ya kukimbia.

Mlima wenyewe una urefu wa meta 3,470, nao uko karibu sana na mji. Mwaka ule wa 2019 ziwa la moto lilikuwa limejaa tena shimoni, na usiku mawingu ya juu yake yalikuwa mekundu kama moshi juu ya tanuru. Usiku wa kwanza hatukulala. Usiku wa tatu tulilala kama wenyeji.

Juma la kwanza tulifundishwa kusoma mistari ya matetemeko. Tetemeko la ardhi hutuma mawimbi ya namna mbili: la kwanza lakimbia, la pili lafuata nyuma. Ni kama umeme na radi: kadiri radi inavyokawia baada ya umeme, ndivyo mvua ilivyo mbali. Kwa matetemeko ya karibu, kila sekunde moja ya kukawia ni kama kilometa 8. Yakipishana sekunde tatu, chanzo kiko yapata kilometa 24. Lakini kituo kimoja chajua umbali tu, hakijui upande. Vituo vitatu vikipatana, ndipo mahali panapojulikana. Tulifundishwa pia kutofautisha tetemeko la mwamba unaovunjika, ambalo ni la ghafula na kali, na mtikisiko mrefu mnyamavu wa mawe ya moto yanayotembea chini.

Juma la pili tulipelekwa kutazama mazuku. Wenyeji walilijua jambo hili kabla ya wataalamu, na jina walilolipa ndilo wataalamu wa dunia nzima wanalolitumia sasa katika vitabu vyao. Ni gesi ya kaboni itokayo ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutulia mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri kabla upepo na jua havijaitawanya. Mbuzi akiteremka humo hufa, na mtoto anayemfuata aweza kufa pia, bila harufu wala moshi wa kumwonya. Tuliona shimo moja ambamo ndege wadogo walikuwa wamelala chini kana kwamba wamesinzia.

Baada ya hapo tulipewa kazi yetu wenyewe. Upande wa Munigi, karibu na mlango wa mji, mwaka 2002 ardhi ilipasuka nyufa. Ufa mmoja tulikabidhiwa sisi. Kila asubuhi tulipaswa kutia ndani yake kipimajoto chenye mkia mrefu wa chuma, kupima kwa milimeta nafasi iliyo kati ya misumari miwili iliyopigiliwa huku na huku, na kuandika yote katika daftari. Basi. Mtu aliyetoka shuleni na hesabu ngumu kichwani aliiona kazi ile kuwa ya mtoto.

Kando ya ufa aliishi mama mmoja mjane, katika nyumba ya mbao. Nyumba yake ya kwanza iko chini ya lava ya 2002, na ile ya pili ameijenga juu yake. Kila asubuhi alituuliza: «Wanangu, leo mlima wasemaje?» Mzee fundi aliyetuongoza alikuwa ametuonya: «Msimwambie kwamba mlima ni salama, hilo hamlijui. Mwambieni mmepata digrii ngapi, na kama ni zile za jana.» Tukafanya hivyo, naye akashukuru, akaendelea na kazi zake.

Siku moja mwanzoni mwa Septemba mvua kubwa ilitukuta njiani. Tukajibanza chini ya baraza la duka, tukangoja, tukachoka. Mmoja wetu akasema ufa ule haujabadilika tangu tufike. Wengine wawili tukanyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa kukubali. Tukafungua daftari, tukaandika digrii za jana, tukabadili kidogo tarakimu iliyo nyuma ya nukta ili ifanane na kweli. Tukarudi.

Kesho yake mzee akafuatana nasi, bila kushuku neno. Yule mama alipotuona akatoka mbio. «Jana sikuwaona! Nikajua mlima umewatisha. Nimewalaza watoto na viatu miguuni.»

Mzee akatutazama. Kisha akaomba daftari, akasoma mstari wa jana, akatazama udongo uliolowa. «Mvua ile yote,» akasema, «na ufa haukupoa hata kidogo?» Hatukuwa na la kujibu ila ukweli, nasi tukausema mbele ya yule mama, nyuso zetu zikitazama chini.

Hakutukaripia. Alipiga mstari juu ya tarakimu zetu, lakini kwa namna ambayo zilisomeka bado, akatuamuru tuandike kando: «Haikupimwa», na majina yetu yote matatu. Kisha akasema: «Wanangu, siku isiyopimwa si aibu. Mvua hunyesha, watu huugua, vita huja; daftari zetu zina nafasi tupu nyingi. Anayekuja baada yetu akiona nafasi tupu atajua kwamba hapa hatujui kitu. Lakini mkimwandikia tarakimu ya kubuni, atajenga juu yake. Mlima ukianza kupata joto siku ile mliyobuni, nani atajua ulianza lini?»

Tulipima ufa. Ulikuwa umepoa kwa mvua, wala haukupanuka. Tukamwambia mama digrii zake. Aliitikia kwa kichwa tu; hakushukuru kama siku zote. Siku zilizobaki tulifika kila asubuhi, hata mvua iliponyesha, na ilipata juma zima kabla hajatuuliza tena habari za mlima.

Tarehe 22 Mei 2021, jioni ya Jumamosi, Nyiragongo ulipasuka tena. Sisi tulikuwa Bukavu, tukashika simu usiku kucha. Watu wapatao thelathini walikufa, na mito ya lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege. Matetemeko yakaendelea siku nyingi, hata tarehe 27 Mei serikali ikaamuru mitaa mingi ya Goma ihame. Wataalamu waliochunguza mambo hayo waliandika mwaka 2022 kwamba vyombo havikuonyesha dalili iliyo wazi ila muda usiofika saa moja kabla ya moto kutoka. Basi hata daftari iliyo safi yaweza kukosa la kusema. Tulipoyasoma hayo tuliona uzito wa neno la mzee: ikiwa mlima wenyewe hutoa ishara chache namna hii, ole wake anayezichanganya na ishara za uongo.

Yule mama tulimpata kwa simu siku ya tatu. Alikuwa njia ya Sake pamoja na watoto. Hakungoja neno la mtu. Aliona anga limekuwa jekundu kupita kawaida, akatoka. Tukamwuliza kama watoto wamechoka kwa kutembea. Akajibu: «Wamechoka, lakini walikuwa na viatu.»

Wazazi wapenzi, mtoto wenu akirudi kutoka staji, msimwulize tu amepewa cheti gani. Mwombeni awaonyeshe daftari yake, mtazame kama zimo siku alizoandika kwamba hakupima.